Gunzi la Mahindi Kwenye Mlango wa Kanisa

Vijana, mikono yangu imestaafu lakini macho yamekataa. Nikiingia nyumba ya mtu naangalia ukuta kwanza, ndipo namsalimia mwenyewe. Mke wangu, Mama Feza, anasema siku nitakapofika mbinguni nitaanza kwa kugonga mlango nisikie kama mbao zimeliwa na mchwa. Anasema hivyo mbele ya wageni. Na anasema kweli.

Nimekuwa masoni, fundi wa kujenga, maisha yangu yote. Nimejenga Kasongo, nimejenga Kabambare, nimejenga vijiji vya njia ya Wamaza wakati njia ilikuwa bado njia. Sasa kila tukikutana mnaniuliza habari ya kanisa letu la zamani, lile lililofungwa. Mnataka kujua kwa nini lina kufuli kubwa mlangoni wakati dirisha la nyuma ni tundu ambalo ng'ombe angepita. Mnataka kujua kwa nini shehe wa msikiti ndiye anayefukuza mbuzi kwenye ukuta wa Wakatoliki. Kaeni niwaeleze. Lakini mniache nizunguke kidogo, kwa sababu sijui kusimulia kwa mstari ulionyooka. Mstari ulionyooka niliumaliza kwenye kuta.

Lilipojengwa, mama yangu alikuwa bado msichana. Padiri wa wakati huo alitangaza kwamba kila nyumba inayotaka watoto wake wabatizwe ilete matofali. Kila nyumba ikakubali. Sisi watu wa huku hatubishani na padiri; tunakubali vizuri kabisa, halafu tunarudi nyumbani kufikiri. Baada ya muda kila nyumba ilisema imeleta, na rundo lilikuwa dogo vilevile. Ndipo msimamizi wa kazi, Mzee Kimwanga, akatoa amri: kila nyumba itie alama yake kwenye tofali likiwa bado bichi, ili tujue nani ameleta na nani ameleta maneno.

Basi watu wakatia alama. Nyumba moja iligandamiza gamba la konokono. Nyingine pindo la kikapu. Kwa kina Mama Feza, babu yake alikuwa anafyatua, na baba yake, akiwa mtoto mdogo, alikuwa anazungusha gunzi la mahindi juu ya udongo, linaacha vitundu vilivyopangika vizuri hata ukivitazama leo. Kwetu sisi tulitia kidole gumba. Ukoo wetu haukuwahi kusumbuliwa na ubunifu.

Mwaka uleule Waislamu nao walikuwa wanajenga msikiti, ng'ambo ya kijito. Kuni zilikuwa shida, kwa hiyo wakapatana wachome pamoja, tanuru moja kubwa. Waliona zile alama ni jambo zuri, nao wakatia zao, wengine hata kitana cha nywele. Siku walipofungua tanuru, matofali yangali na joto, mvua ikaja bila kupiga hodi. Tofali la moto likinyeshewa linapasuka. Kijiji kizima kikatoka, Mkristo na Mwislamu, mwanamke na mwanaume, wakabeba matofali juu ya majani ya ndizi wakakimbia nayo, kila mtu kwenye paa lililokuwa karibu. Mzee Kimwanga alipenda kutusimulia siku hiyo. Alisema hajawahi kuona watu wa kijiji hiki wakifanya kazi bila kwanza kufanya mkutano.

Huyo Mzee Kimwanga ndiye aliyenifundisha, nikiwa kijana na yeye akiwa tayari na mvi. Kazini hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipa tofali, akagonga kwa mpini wa mwiko, akanitazama. Nikagonga na mimi. Nikafanya hivyo mpaka nikajua kwa sikio tofali lililoiva na lile ambalo ndani ni udongo mtupu uliovaa koti. Alinifundisha kuchukua udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchambua wakakusaidia kazi. Alinifundisha kwamba mvua inayopiga ukuta juu ni kelele tu. Maji ya kuogopa ni yale yanayokaa chini kimya, kwenye msingi, siku baada ya siku.

Na alinifundisha tao. Tao, vijana, ni matofali yanayotaka kuanguka yote kwa pamoja, yanazuiana. Wakati unalijenga unaweka mbao chini yake kulishikilia, na mbao hizo hazitoki mpaka chokaa ikauke. Tulikuwa tunajenga jiko la masista, mimi na mwenzangu Saleh. Saleh alikuwa anachumbia, na mama wa yule binti alikuwa anatafuta mbao za kitanda. Saleh akaziona mbao za tao zimekaa pale bila kazi, kwa mawazo yake. Akazipeleka kwa mkwe. Tao likashuka lote ndani ya chungu cha sombe, yale majani ya muhogo ya masista. Mzee Kimwanga akaja, akaangalia juu, akaangalia chini, akachukua kijiko, akaonja. Akasema, "Imekosa chumvi." Saleh alianza upya peke yake, kuanzia kwenye mabega. Mabega ya tao ni yale matofali ya kushoto na kulia linapoegemea ukuta. Yakumbukeni mabega, tutayarudia.

Sasa nije kwenye kufungwa.

Ufa ulianza juu ya mlango mkubwa. Nilienda kwa kamati ya kanisa nikawaambia mtaro wa nyuma umejaa udongo, maji hayatoki, msingi unakunywa. Kamati ilipokea habari kwa uzito mkubwa. Iliunda kamati ndogo ya mtaro. Kamati ndogo ikachagua mwenyekiti, makamu wake, katibu, mshauri, na mshauri wa akina mama. Walikutana kila Jumapili baada ya misa, wakafungua kwa sala, wakafunga kwa sala. Siku moja nikauliza nani atashika jembe. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba hilo halikuwa katika mambo ya siku hiyo. Mvua ikaja, ikaondoka, ikaja tena, na kamati ndogo ilikuwa bado inakutana.

Mwishowe wakubwa wa misioni wakatuma injinia, binti wa Kasongo, jina lake Neema. Nilimsubiri na hasira zangu zote tayari. Nilidhani atanifungulia kompyuta aniambie ukuta ni nini. Alishuka kwenye pikipiki, tope mpaka kiunoni, akachuchumaa kwenye msingi, akachimba kwa mkono, akanusa ule udongo.

"Papa," akaniambia, "huu ukuta umekaa mu maji siku mingi. Tao likisukumwa kidogo linaanguka, na watu iko ndani. Tufunge."

Nilitafuta mahali pa kumpinga, nikakosa. Hiyo iliniudhi kuliko kama angekosea.

Wakafunga. Katekista wetu, Anastazi, mtu mwembamba mwenye bidii, akaleta kufuli la kutisha. Tukaanza kusali nje chini ya shitingi, lile turubai la plastiki, na jua likipanda mnapikika polepole humo pamoja na mahubiri. Na hapo niliona ajabu. Watu ambao kanisa lilipokuwa wazi hawakulijua hata rangi yake ya ndani, sasa wakipita mbele yake wanavua kofia na kushika kifua. Bwana Mulamba, aliyekuja mara ya mwisho siku ya ndoa yake, na siku hiyo alichelewa, aliniambia kwa machozi kwamba wamemfungia nyumba yake ya kiroho.

Halafu akaja bwana wa mambo ya majengo ya kale, kutoka mji mkubwa, kofia pana na kamera shingoni. Alikuwa mtu mwema, sisemi vibaya. Alizunguka kanisa akaona zile alama, akapiga magoti kwenye majani. Akauliza kikapu ni cha nani, konokono ni wa nani, gunzi ni la nani. Watu wakataja koo zao, kila mmoja akataka apigwe picha amesimama karibu na tofali lake. Akala kuku, akasema jengo hili lazima lilindwe, akapanda pikipiki akaenda.

Mjiweke mahali pa watu wale. Mtu wa serikali ametoka mbali, ameanguka njiani, amefika suruali haina rangi inayojulikana, halafu anapigia magoti tofali la babu yako. Utaliacha nje kwenye mvua? Bwana Mulamba hakuliacha. Alibomoa kwenye dirisha la nyuma, akatoa tofali la konokono, akaliweka sebuleni juu ya radio. Wageni walikuwa wanapelekwa kulitazama kabla ya kupewa kiti. Wiki hiyohiyo wa kikapu akafuata, naye kwenye dirisha lilelile, kwa kuwa lilikuwa limeshafunguliwa. Kanisa likaanza kung'oka meno, na kufuli la Anastazi likaendelea kulinda mlango kwa uaminifu.

Nilienda kumwambia kapita, mkubwa wa kijiji. Akaniambia ameliona jambo hilo na limemgusa, kwa sababu yeye pia ana matofali mle.

Wakati huo ndipo akaja shemeji yangu Pius, mdogo wake Mama Feza. Alikuwa amemaliza nyumba yake ya mabati na alitaka tofali za gunzi azipange mbele ya baraza, watu wapitao wajue humo wanakaa watu gani. Alikuja na toroli mpya.

Sasa matofali ya gunzi yako wapi? Yako kwenye mabega ya tao la mlango mkubwa, kushoto na kulia, pale pale ulipo ufa. Mzee Kimwanga aliyachagua mwenyewe kwa sababu yaliiva kuliko mengine.

"Shemeji," nikamwambia, "ukitoa hizo, mlango unashuka, na ukuta wa mbele unaufuata."

"Mulango iko umefungwa, shemeji. Mulango wa kufungwa unasaidia nani?"

"Na ukishuka juu ya kichwa chako?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe utatoa, mimi nitashika toroli."

Nikamfukuza. Pius akapita mlango wa nyuma akaenda jikoni kwa dada yake, na mimi nikajua nimekwisha. Mchana huo niliwekewa bugali peke yake kwenye sahani. Nikauliza mboga iko wapi.

"Uliza kanisa lako likupikie," Mama Feza akasema.

Nikajaribu utani. Hakucheka. Akakaa mbele yangu, akaniambia maneno ambayo katika miaka yetu yote hakuwahi kuyasema hivyo. Akasema baba yake hakuacha picha. Alienda kuchimba dhahabu huko Lusangi, shimo likamfunika, hakurudishwa. Hakuna kaburi analoweza kulipalilia. Kitu pekee duniani chenye alama ya mkono wake ni zile tofali, na hata hizo ziko juu mno, hajawahi kuzigusa.

"Wewe unasema zinashika kanisa," akasema. "Mimi nani ananishika?"

Vijana, nilikuwa na majibu ya ufundi, mazuri sana. Niliinama nikala bugali langu kavu. Nilimhurumia mke wangu, na nililiogopea lile kanisa kama mtu anavyomwogopea mgonjwa wa nyumbani, na sikuona njia ya kuwaokoa wote wawili. Kesho yake nilienda Kasongo kumwuliza Neema kama tunaweza kutegemeza tao tutoe mabega polepole, tuweke mengine. Akaniambia tao lingevumilia mbao, lakini kupigwa patasi wakati msingi umelowa hivi lisingevumilia. Nilijua atasema hivyo. Nilikwenda tu ili aseme mtu mwingine.

Niliporudi nikakuta mkutano umeitishwa. Kapita aliona kwamba watu wakichukua ovyo kutakuwa na magomvi, kwa hiyo bora wachukue kwa utaratibu. Jumatatu inayofuata kila ukoo utabomoa matofali yake, wakianza wenye umri mkubwa. Yeye mwenyewe alijitolea kuhifadhi mlango na kengele, kwa ajili ya usalama. Watu wakapiga makofi. Padiri alikuwa safarini. Anastazi akasimama akasema kwa masikitiko kwamba hatuwezi kupingana na sauti ya waamini, na kwamba ukoo wake una tofali za pindo la kikapu. Hapo ndipo nilipojua wa kikapu alikuwa nani.

Nilisimama nikaeleza habari ya tao. Walinisikiliza kwa heshima, kama mnavyomsikiliza mtu ambaye mmeshaamua. Pius akasema mbele ya wote, "Shemeji anaogopa kazi ya mwalimu wake isife." Nikaangalia upande wa wanawake. Mama Feza alikuwa anatazama chini. Nikakaa.

Nyuma kabisa alikuwa ameketi Shehe Ramazani, aliyealikwa kama jirani. Mnamjua, mzee mrefu, anaongea polepole kana kwamba kila neno analitoa kisimani. Akainua mkono.

"Kapita, mimi sina shida. Mali ni ya wenyewe. Naomba tu munipange na mimi mu mustari siku ya Jumatatu."

Watu wakageuka. Kapita akatabasamu. "Shehe, na wewe uko na nini mu kanisa?"

"Niko na tofali za baba yangu. Alama yake ni kitana. Ndizo zimebeba altare. Katekista anazijua, anazipangusa vumbi kila Jumamosi, na mimi namushukuru."

Anastazi akaanza kukagua viatu vyake.

"Siku ya ile mvua nilikuwa mutoto," shehe akaendelea. "Nilibeba tofali moja, ikaniunguza tumbo. Tulikimbia kila mutu pa karibu. Za kwetu mingi zilifika kwenu, za kwenu mingi zilifika kwetu. Mvua ilipokatika, wazee wakakaa hapa hapa. Baba yangu akauliza, tuchambue? Mzee Kimwanga akamwambia, Mungu ameisha kugawa, wewe unataka kumukosoa? Wakajenga."

Nilikuwa nalijua hilo. Nilipiga lipu msikitini mimi mwenyewe zamani, nikaona kilichokuwa chini yake, na fundi aliyeona ndani ya ukuta wa watu hapigi domo nacho sokoni. Hata kwenye mkutano ule nilikuwa nimeuma ulimi, kwa kuwa siri ya ukuta wa msikiti haikuwa yangu kuitoa. Sasa mwenyewe ameitoa, nikapumua.

"Na zetu, shehe?" Pius akauliza. Sauti ilikuwa imepungua. "Gunzi iko wapi?"

"Nusu iko juu ya mulango wenu. Nusu iko mu mihrabu yetu, pale ninapoelekea nikisali. Njooni Ijumaa, swala ikiisha. Muvue viatu tu. Lakini muje na Papa Masoni, sababu mihrabu ikitoka, paa inafuata. Sisi Jumatatu tutakuja kwa altare. Tutavua viatu vilevile."

Akakaa. Hakukuwa na hasira katika uso wake, wala kicheko. Alikuwa ameomba nafasi kwenye mstari na alikuwa anangoja jibu.

Mngeona nyuso za watu. Kila mtu alikuwa anapiga hesabu kichwani. Mulamba akauliza kama tofali la konokono nalo liko msikitini. Shehe akamwambia liko, pembeni pa kunawia miguu, na kwamba watu wanalikanyaga kwa adabu. Pius akanigeukia.

"Shemeji, ni kweli?"

"Ni kweli. Lipu ile niliipiga mimi."

"Sasa tukitoa zetu huku, wao wanatoa zao chini ya altare."

"Na ninyi mnaenda kubomoa mihrabu."

"Mbele ya watu wamevua viatu," akasema, na akafuta uso.

Msidhani watu walipatana kwa upendo. Ningependa kuwadanganya lakini nimezeeka. Walichoshindwa kuvumilia ni wazo la mwenzao kuondoka na tofali lake kwanza. Kapita akakohoa, akasema jambo hili linahitaji kuangaliwa, na mpaka liangaliwe, asiguse mtu. Akaagiza kila ukoo ulinde ukuta dhidi ya koo nyingine. Kanisa halijawahi kuwa na walinzi wengi hivyo hata lilipokuwa na Mungu ndani kila Jumapili.

Wiki ile ile mtaro ulichimbwa. Watu walikuja na majembe, Wakristo na Waislamu, kwa sababu kila mmoja sasa alijua tofali lake linakunywa maji huko chini. Shehe Ramazani alichimba upande wa altare, akavunja mpini, akaleta jembe lingine. Ile kamati ndogo ya mtaro nayo ilifika, ikasimama kivulini ikatoa pongezi. Tofali la kikapu lilirudi kabla ya jua kuwa kali, nikalikuta limewekwa kwenye kizingiti cha dirisha, halina mwenyewe. La Mulamba lilikawia kidogo. Aliniambia alikuwa analipumzisha. Niliyarudisha yote mawili mahali pake, alama ikitazama ndani, na sehemu ya dirisha iliyobaki tukaiacha tundu mpaka kazi kubwa ije. Mkirudisha tofali lenye jina, vijana, geuzeni jina ndani. Linabeba uzito uleule, na halimwiti mtu.

Neema akaja na mbao, tukategemeza tao, mimi, yeye na Saleh. Nilimwambia Neema kwanza ahakikishe mkwe wa Saleh hayuko karibu.

Mbao zilipokaza, nikaenda nyumbani nikamwita Mama Feza. Nikamwekea ngazi, nikaishika kwa mikono yote miwili. Alipanda polepole, kanga ameifunga kiunoni, akafika kwenye bega la kushoto. Akaweka kiganja juu ya vile vitundu vya gunzi. Akavipapasa kimoja kimoja.

"Ni kadogo," akasema. "Nilifikiri kakubwa."

"Alikuwa mtoto," nikamwambia.

Alikaa kule juu mpaka kivuli cha ngazi kikahama, na sikumwambia ashuke. Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika ngazi, na sikuweza kuyafuta. Aliposhuka hakusema kitu cha tofali kutoka au kubaki. Aliuliza jembe liko wapi. Tangu siku hiyo ule mtaro, sehemu iliyo chini ya mlango, ni yeye anayeusafisha, na mimi nakula bugali na mboga yake.

Mvua kubwa ikaja. Nilisimama uwanjani chini ya mwavuli natazama lile tao kama mwizi anavyotazama mbwa. Maji yalipita kwenye mtaro yakaenda zake kijitoni. Tao halikusogea.

Sijamaliza. Yule bwana wa kofia alirudi. Safari hii alileta kibao cha bati, kizuri, kimeandikwa kwamba jengo hili linalindwa na mtu asiliharibu. Akatoa nyundo na msumari mrefu. Akatafuta mahali panapoonekana vizuri na wapita njia, akachagua bega la kushoto la tao, katikati ya gunzi. Kabla sijafungua mdomo, Pius alikuwa ameshafika, amesimama kati ya ngazi na ukuta, mikono kiunoni.

"Baba, hapo hapagongwi musumari."

"Ndugu yangu, mimi ninalinda kanisa lenu."

"Nimesikia. Lakini hapo ni kwa baba yangu."

Nilimtazama yule shemeji wa toroli, nikashindwa kucheka na nikashindwa kulia. Bwana wa kofia alijaribu bega la kulia, akamkuta Mama Feza na jembe. Akazunguka nyuma, akamkuta Shehe Ramazani anafukuza mbuzi. Mwisho akampa Pius kibao akitunze mpaka mahali papatikane. Pius amekitunza vizuri. Kinazuia mvua kwenye banda lake la kuku, na kuku mpaka leo hawajaharibiwa na mtu.

Kanisa bado limefungwa. Neema anasema msingi lazima ukauke kabisa, halafu tutashusha tao kwa mikono, tofali moja moja, na kulipandisha upya, kila moja likirudi pale lilipotoka. Nataka niwe hai siku ile mlango unafunguka na Mama Feza anapita chini ya mkono wa baba yake. Sina ombi lingine kubwa. Lakini magoti yangu hayaingii tena kwenye mtaro, Saleh haoni vizuri, na shehe amevunja mipini yote aliyokuwa nayo.

Ninyi magoti mnayo. Jumamosi hii ni salongo, kazi ya wote ya kusafisha mtaro, Waislamu upande wa altare, Wakristo upande wa mlango. Njooni na majembe. Wenyeviti tunao wa kutosha.